Bustani ya Roshani: Kotimiri Inayokimbilia Maua, Mchanga wa Ufukweni na Maji ya Kisima

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nipande kiungo gani kwenye roshani yangu ndogo? Ningependa swali hilo ligeuzwe. Kabla ya kwenda dukani kununua mbegu, mtu asimame kwenye roshani yake asubuhi, mchana na alasiri, aone jua linaingia wapi na linakaa kwa muda gani, upepo unapiga kutoka upande upi, na maji atakayomwagilia ni ya bomba au ya kisima. Mambo hayo matatu ndiyo yatakayomchagulia mmea, na anayeyaruka huishia kununua mbegu zilezile kila msimu. Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi la baadhi yao.

Shikamoo Bi Mshauri. Ninaishi ghorofa ya pili, Chumbageni, na roshani yangu inatazama kaskazini. Tangu Desemba napanda kotimiri kwenye ndoo. Inaota vizuri, lakini inarefuka kama uzi, inalala, halafu inatoa maua meupe kabla sijapata hata kifungu kimoja cha kachumbari. Mama mkwe anasema mbegu za duka la viungo huwa zimechemshwa ndiyo maana. Je, ni kweli?

Marahaba mwanangu. Mbegu iliyochemshwa haioti kabisa, na zako zinaota, kwa hiyo mbegu tuziweke kando kwanza. Yaliyokusibu ni mawili yaliyokutana, nayo ni upungufu wa jua na wingi wa joto.

Tanga iko takribani digrii 5 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo jua la saa sita mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mapema mwezi wa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua hilo hupita upande wa kaskazini wa anga letu, na Juni ndipo linapoinama zaidi kuelekea huko. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita kusini. Wewe unayetazama kaskazini ulipanda Desemba, wakati ambapo roshani yako imegeuziwa kisogo na jua, na kilichokuwa kikiingia ni mwanga wa angani na ule unaoakisiwa na ukuta wa jirani. Kotimiri inataka walau saa nne za jua lenyewe kwa siku. Ikilikosa, shina hurefuka kulitafuta, huwa jembamba, na mwishowe haliwezi kujibeba. Wenye roshani zinazotazama kusini hukutwa na shida hiyohiyo katikati ya mwaka, yaani Juni na Julai, na mara nyingi huilaumu baridi, ambayo Tanga hatunayo. Roshani inayotazama mashariki ndiyo yenye bahati kuliko zote, kwa kuwa hupata jua la asubuhi mwaka mzima na hupumzika mchana. Ile ya magharibi hupata jua la alasiri, ambalo ni kali, na ukuta wake hubaki na joto hadi usiku, kwa hiyo majani laini hunyauka hata yakiwa na maji ya kutosha.

Sasa joto. Kotimiri ni mmea wa hali ya hewa ya ubaridi kiasi, na joto la mchana likipita nyuzi 30 huharakisha kumaliza maisha yake: hutoa shina refu la katikati, majani ya juu huwa membamba na yaliyochanikachanika, kisha maua. Februari na Machi joto la Tanga hufika nyuzi 32 au 33, na hakuna mbolea wala dawa itakayoizuia kotimiri kufanya hivyo. Kwa hiyo badili kalenda. Panda mwishoni mwa Mei, masika yakianza kulegea, na uendelee kupanda hadi Agosti, wakati wa kipupwe. Kwa roshani yako, miezi hiyo ndiyo ileile ambayo jua liko upande wako. Miezi ya kaskazi usiitarajie kukupa kotimiri kubwa yenye kichaka. Mwaga mbegu nyingi zikaribiane, ukate majani yakiwa machanga, wiki ya nne hivi tangu kupanda, na uwe na chombo kingine kilichopandwa wiki mbili nyuma ya hicho. Kotimiri changa ina harufu ya kutosha kwa kachumbari na kwa kunyunyizia juu ya mchuzi, ingawa kwa kusaga chatne utaona kwamba kiasi chake ni kidogo.

Kuhusu mbegu za duka la viungo, mama mkwe hakosei sana. Tatizo lake la kawaida si kuchemshwa bali ni uzee, kwa sababu gunia linaweza kukaa ghalani mwaka na zaidi, na wakati mwingine mbegu zimekaushwa kwa moto. Chukua mbegu 10, uzifunge katika kitambaa kibichi, uziweke mahali penye kivuli na uhakikishe kitambaa hakikauki. Zikichipua 6 au zaidi ndani ya wiki mbili, nunua bila wasiwasi. Kile kiduara tunachokiita mbegu ya kotimiri kwa kweli ni tunda kavu lenye mbegu mbili ndani. Liviringishe kwa chupa juu ya meza, taratibu, hadi ligawanyike vipande viwili bila kusagika, kisha loweka vipande hivyo usiku mmoja ndipo uvifukie kina cha sentimita 1. Usipande kitaluni ukitarajia kuhamisha miche baadaye, kwa maana kotimiri ina mzizi mkuu mmoja unaoshuka moja kwa moja, na ukiuvuruga mmea huchukulia kuwa mauti yamekaribia, ukakimbilia maua. Chombo kizuri kwake ni dumu la mafuta ya kupikia la lita 20 lililolazwa na kukatwa ubavu mmoja, kwa kuwa lina kina cha kutosha mzizi na upana wa kutosha kumwaga mistari mitatu ya mbegu.

Mbegu za pakiti zilizopakwa rangi, mara nyingi ya waridi au ya buluu, zimewekwa dawa. Hizo ni za kupanda tu; zikibaki zisiingie kwenye kopo la viungo jikoni.

Ndugu Mshauri, mimi ni mpangaji Ngamiani, nyumba ya ghorofa moja, na hatuna kipande cha udongo uani kwa kuwa pote pamesakafiwa. Je, naweza kuchota mchanga wa ufukweni Raskazone, nikauosha na kuchanganya na samadi? Na kokoto za chini ya ndoo ziwe kiasi gani ili maji yatoke?

Mchanga wa ufukweni uache ufukweni, kaka yangu. Chumvi yake unaweza kuiosha kwa maji mengi, maji ambayo kwa mpangaji yana bei, lakini vipande vya kome na matumbawe vilivyomo ni chokaa tupu, na chokaa hufanya mimea ishindwe kufyonza madini ya chuma, ukaona majani yanakuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Nunua mchanga wa mtoni kwa mafundi ujenzi. Kiroba kimoja kinakutosha, na fundi mwenye moyo atakupa bure mabaki ya eneo la ujenzi, ila hakikisha hayajachanganyika na saruji.

Kokoto nazo ziache, na hapa najua nitapingwa na wengi. Imezoeleka kuweka tabaka la kokoto au vigae chini ya chombo kwa imani kwamba maji yatapita haraka. Maji yanayoshuka kwenye udongo hayapendi kuingia kwenye tabaka lenye nafasi kubwa hadi udongo ulio juu yake uwe umeloa kabisa, kwa hiyo kile kikanda cha tope ambacho kingekuwa chini ya ndoo kinapandishwa juu, karibu zaidi na mizizi, na wewe umepoteza nafasi ya udongo. Kinachotoa maji ni matundu. Ndoo ya lita 10 itoboe matundu 6 hadi 8 yenye upana wa sentimita 1, na yapange pembezoni mwa kitako, mengine ubavuni chini kabisa, ili ndoo ikikaa juu ya sakafu yasizibwe. Ndani tandika kipande cha wavu wa dirisha ili udongo usitoroke. Ukiweza, inyanyue ndoo kwa vipande viwili vya mbao.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni sehemu mbili za udongo mwekundu au wa bustani, sehemu moja ya samadi iliyooza, na sehemu moja ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, au mchanga wa mtoni. Usumba ni hazina ya watu wa pwani ambayo tunaichoma moto: hushika maji bila kuwa tope, na ni mwepesi, jambo ambalo ghorofani lina maana kubwa. Lakini uliza umetoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na usumba wake ni lazima uloweke katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, uyamwage, uloweke tena, hadi ukionja maji hayo usihisi chumvi. Makumbi ya madafu na nazi yaliyorundikwa sokoni hayana shida kubwa kiasi hicho, ingawa kuyasuuza bado ni vyema. Samadi ya mbuzi ndiyo rahisi kwa mkaazi wa ghorofani kwa sababu ni mikavu na haina harufu kali. Ya kuku iache ioze kwa miezi miwili au mitatu kwanza, maana ikiwa mbichi huunguza mizizi, na majirani watakuunguza wewe.

Kuna mwingine ameuliza kuhusu makapi ya mkonge, ambayo mkoani kwetu yamerundikana kama milima mashambani, kwa kuwa nyuzi ni asilimia chache tu ya uzito wa jani na linalobaki lote ni maji na makapi. Yakiwa mabichi ni makali, yana asidi na huwasha ngozi. Yakilala miezi mingi na kugeuka meusi, hapo ni mboji nzuri.

Assalaam aleikum. Niko Bagamoyo, karibu na Mji Mkongwe. Nikienda Lushoto kwa shemeji hurudi na miche ya rosemari na ya thaimu, mizuri sana, nikifika nyumbani inakufa kuanzia chini. Namwagilia kila siku asubuhi na jioni. Nifanye nini?

Waaleikum salaam. Punguza maji, hilo ni la kwanza, na la pili ni kupunguza matumaini. Mimea hiyo asili yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, ambako kiangazi ni kikavu na udongo ni wa mawemawe. Lushoto iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, usiku wake ni wa baridi, na hewa hupita. Ukiushusha mmea huo Bagamoyo, ukaumwagilia mara mbili kwa siku katika hewa ambayo yenyewe ina unyevu mwingi, mizizi huoza, na kuoza huko ndiko unakoona kukipanda kutoka chini.

Rosemari unaweza kuishi nayo. Tafuta chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu, jaza nusu mchanga wa mtoni na nusu udongo wa kawaida, samadi kidogo tu, uweke mahali penye jua kali kuliko pote, na usimwagilie hadi udongo uwe mkavu sentimita tatu hivi kwenda chini. Aprili na Mei uuingize chini ya paa, maana mvua ya masika peke yake inatosha kuumaliza. Thaimu ni ngumu zaidi, na kwa maoni yangu mkaazi wa pwani anunue iliyokaushwa, nafasi ile ya roshani aipe mchaichai, ambao hautaki kubembelezwa: shina moja la sokoni lenye kitako chake kizima, likikaa kwenye glasi ya maji hadi litoe mizizi na kisha likapandwa kwenye ndoo ya lita 20, litakunywesha chai mwaka mzima.

Bi Mshauri, nanaa yangu ilikuwa kijani, sasa kingo za majani zinakuwa za kahawia na juu ya udongo kuna kitu cheupe kama unga. Nimeongeza mbolea haijasaidia. Tunatumia maji ya kisima hapa Makorora kwa sababu ya bili.

Dada yangu, ule unga ni chumvi, na mbolea uliyoongeza ni chumvi nyingine juu yake. Visima vingi vya mji wa pwani vina maji ya chumvichumvi, na hata yale ambayo ulimi haukatai huacha mabaki yake kwenye udongo kila maji yanapokauka. Shambani mvua huyasukuma mabaki hayo chini. Kwenye ndoo hayana pa kwenda, yanajikusanya wiki hadi wiki, hadi mizizi inashindwa kunywa ingawa udongo umeloa. Dalili yake ndiyo hiyo uliyoieleza, kingo na ncha za majani kuungua huku katikati kukiwa kijani. Nanaa na kotimiri huonyesha mapema. Mchaichai huvumilia zaidi.

Kwanguwa kwanza ule unga wa juu pamoja na udongo kidogo, utupe. Kisha peleka ndoo mahali inapoweza kuchuruzika, uimwagilie maji baridi yasiyo na chumvi, polepole, kiasi mara mbili ya ujazo wa ndoo yenyewe, yaani lita 20 kwa ndoo ya lita 10, yote yapite na kutoka chini. Usiweke mbolea yoyote kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo, kama bili ya bomba inakutisha, changanya nusu kwa nusu na ya kisima, na kila ukimwagilia hakikisha kidogo kinatoka chini, kwa sababu anayemwagilia kwa kuonjesha ndiye anayelimbikiza chumvi. Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na dawa inayowekwa kuyasafisha haidhuru mimea hii. Ya mvua ni bora kuliko yote. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji, kwa hiyo kibati cha mita 4 za mraba, mvua ya milimita 20 ikipiga, kinakupa lita 80 bila kulipa senti. Yafunike.

Nanaa yenyewe usiitupe. Kata vipande vya ncha vyenye urefu wa sentimita 10, ondoa majani ya chini, uviweke kwenye glasi ya maji safi dirishani, ubadilishe maji kila siku, na baada ya wiki moja au siku kumi utaona mizizi myeupe imechomoza kwenye vifundo. Vipande vinne vinatosha ndoo moja. Lakini usiipande nanaa chombo kimoja na kiungo kingine, kwa kuwa mizizi yake hutambaa na kumfukuza mwenzake. Na kila mwaka ing'oe yote, igawe, urudishe sehemu changa katika udongo mpya.

Mwenye nyumba wetu hapa Raskazone amekataza mimea roshani, anasema itaangusha jengo na jirani wa chini amelalamika maji yanadondokea nguo zake. Pia upepo wa kusi unavunja kila kitu. Tumjibuje?

Jirani mmjibu kwa kumwomba radhi, kwa sababu ana haki. Maji ya ndoo hutoka na udongo mwekundu, na doa lake kwenye kanzu nyeupe ya Ijumaa halitoki kwa urahisi. Kila chombo kiwekewe sahani au kifuniko cha ndoo chini yake, na umwagiliaji ufanyike alfajiri kabla hajaanika.

Mwenye nyumba naye asipuuzwe. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo ulioloa hufika kilo 25 hadi 30, na ya lita 10 ni nusu yake. Mkiweka ndoo kumi kubwa mmeongeza kilo zisizopungua 250 kwenye sakafu inayoning'inia nje ya ukuta, na kwenye nyumba za zamani zenye roshani za mbao, au zile ambazo nondo zimeanza kutoka na kutu kwa sababu ya hewa ya bahari, si jambo la kufanyia mzaha. Mkionyesha kwamba mtatumia vyombo vya lita 5 na 10, vilivyopangwa kwenye mstari mmoja ukutani, upande wa mlango, na si kwenye ukingo wa nje, na kwamba theluthi ya udongo ni usumba, mtakuwa mmepunguza mzigo kwa kiasi kikubwa na pengine mtaelewana. Zege likiwa na nyufa au nondo zinaonekana, yeye ndiye mwenye haki hadi fundi apite.

Hakuna chombo chochote kinachopaswa kukaa juu ya ukingo wa roshani. Kusi huanza kuvuma Aprili na huendelea hadi Septemba, na kwa nyumba iliyo karibu na bahari huja na chumvi inayounguza majani ya upande mmoja. Fungeni kipande cha wavu wa kivuli kwenye vyuma vya roshani kwa kamba ya mkonge, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno. Msifunge turubai wala bati, maana kitu kisichopitisha hewa hugeuka tanga la mashua, na upepo unaokiruka huangukia mimea kwa nguvu zaidi. Siku za upepo mkali, jioni, suuzeni majani kwa maji yasiyo na chumvi.

Roshani yangu haipati jua hata kidogo, imezibwa na jengo jipya. Nikate tamaa?

Kama mchana unaweza kusoma gazeti hapo bila kuwasha taa, panda tangawizi. Chagua kipande kinene chenye jicho linalochomoza, kifukie sentimita 5 kwenye mfuko wa salfeti uliokunjwa nusu, mwanzoni mwa masika, na usubiri miezi minane hadi kumi. Nanaa nayo itaishi, ingawa majani yake yatakuwa mapana na harufu hafifu. Pilipili na rihani sahau.

Rihani yangu imekuwa mti, chini ni kuni tupu na juu maua. Harufu ipo lakini majani madogo.

Hiyo imelelewa kwa ajili ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia cha kujipambia, si kwa ajili ya chungu cha kupikia. Anayetaka kikuba anataka vishada vya maua pamoja na asumini na mkadi, naye huuacha mrihani ufanye upendavyo. Anayetaka majani ya kupikia huunyima mmea maua tangu mwanzo. Mmea ukifika sentimita 15 hadi 20, kata ncha yake juu kidogo ya jozi ya majani, na hapo patatoka matawi mawili. Kila tawi likipata jozi tatu za majani, likate vilevile. Ulionao umekwisha komaa, na ukiukata hadi kwenye kuni huenda usichipue, kwa hiyo chukua vipande vya ncha visivyo na maua, uvioteshe kwenye maji kama nilivyoeleza kwa nanaa, uanze upya. Na usichanganye na kivumbasi, ambacho wengi hukiweka mlangoni kwa ajili ya mbu. Ladha yake ni kali na mchuzi wa nazi hauipendi.

Pilipili mbuzi yangu inachanua vizuri, kisha maua yote yanaanguka.

Kama ni Februari, subiri, kwa maana usiku wa joto kali huangusha maua ya pilipili hata yakiwa na afya. Kama ni kipupwe na majani ni makubwa ya kijani kibichi kabisa, umezidisha samadi ya kuku. Kunguru wakiyang'oa, ambao pwani yetu hawakosekani, hilo ni suala la wavu.

Vidukari vimejaa chini ya majani. Nimepuliza maji ya sabuni ya unga, majani yameungua. Wengine wananiambia nitumie mafuta ya taa. Na sahani za chini ya ndoo hujaa maji muda wote.

Mafuta ya taa hapana, ni majani utakayoyala. Sabuni ya unga nayo ina kemikali za kufulia ambazo majani hayazistahimili. Kwangua sabuni ya mche, uyeyushe kijiko kimoja cha chai cha unga huo katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, upulize jua likishatua, ukilenga chini ya majani, kwa sababu sabuni huua kwa kumgusa mdudu na ikikauka haina kazi tena. Rudia baada ya siku nne au tano. Kabla ya hapo, jaribu kuvisukuma kwa maji tupu na kidole, maana kwa ndoo tatu kazi hiyo huisha kabla chai haijapoa. Majani uliyopulizia yaoshe vizuri kabla ya kupika. Miezi mikavu ya kaskazi, ukiona majani yana vidoa vidogo vyeupe na utando mwembamba kati ya matawi, huo ni utitiri, nao huchukia maji: nyunyizia majani asubuhi kila siku kwa wiki moja.

Na kwa kuwa umetaja kwamba sahani za chini ya ndoo hujaa maji muda wote, zimwage na kuzisugua angalau mara moja kwa wiki. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, ambayo mwaka 2019 ililipuka Dar es Salaam na Tanga, hutaga kwenye maji kidogo yaliyotuama karibu na watu, na kutoka yai hadi mbu mkubwa huchukua siku saba hadi kumi tu. Mayai yao hubandika kwenye kuta za chombo na hustahimili ukavu, kwa hiyo kumwaga bila kusugua hakutoshi. Sahani ukizijaza mchanga wa mtoni hadi ukingoni, maji yatabaki chini ya mchanga na mbu hatapata pa kutaga.